Pua za Nyumba ya Gesi

Injinia Nansubuga ameniomba niwaachie maandishi ninyi mnaobaki kazini. Nadhani alitaka kurasa chache kuhusu shinikizo, joto na namna ya kubadilisha dawa ya mnara. Hayo yamo kwenye vitabu vya mashine, na vitabu vya mashine huandikwa na watu wasiowahi kuungua mkono. Mimi nitawaandikia habari za pua. Vyeo na mishahara sitavigusa. Aliyenilipa anajua alichonilipa, nami najua, na mpaka leo hakuna kati yetu aliyejivunia.

Kwa asiyenijua, jina langu ni Nafula, mzaliwa wa Bungoma upande wa Kenya, mkazi wa Kisugu, mke wa Barasa anayeuza viatu vya mitumba soko la Owino. Maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye kiwanda kimoja cha soda hapa Kampala, ndani ya jengo dogo la mabati nyuma ya ghala la chupa, linaloitwa nyumba ya gesi. Watu hunywa soda, wakacheua, wala wasijiulize ule mvuke wa puani umetoka wapi. Ulitoka kwetu. Na sisi tuliutoa kwenye moshi wa dizeli.

Siku yangu ya kwanza haikufika hata saa nne. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuposwa: mafuta ya nywele, manukato shingoni, na tumboni sambusa mbili za vitunguu nilizonunua kituoni. Mlangoni alisimama mzee mfupi mwenye ovaroli iliyopauka, akaninyooshea kiganja.

"Wewe mama, simama hapo hapo. Unanuka kama arusi."

Nilidhani ananisifu. Nikacheka.

"Usicheke. Rudi nyumbani. Oga na maji tu. Hapana sabuni ya kunukia, hapana kitunguu, hapana mukene. Kesho kuja bila harufu."

Huyo ndiye Mzee Ojara, Mwacholi wa Gulu, aliyekuwa fundi wa magari jeshini kabla ya kuletwa kwenye gesi. Kiswahili chake alikipata kambini na hakuwahi kukipiga pasi. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, nikamwambia Barasa kuwa siendi tena kwa mzee yule. Barasa alisema vizuri, basi atakula mwenyewe zile dagaa kavu nilizokatazwa, yaani mukene. Kesho yake nilikwenda, nikinuka maji.

Ojara alinipeleka kwenye shimo lililokuwa chini ya kompresa, akafunga mshumaa kwenye waya, akauwasha, akaushusha taratibu. Mshumaa ulikuwa unawaka vizuri tu. Ulipofika usawa wa magoti ukazimika, pasipo upepo, pasipo kelele. Akaupandisha, akauwasha tena, akaushusha. Ukazimika palepale.

"Umeona? Gesi iko hapo. Haina rangi, haina harufu. Ni mzito, inalala chini kama mbwa. Wewe ukiingia huko kuokota spana, unalala na yeye."

Toka siku hiyo sijawahi kuingia shimo lolote bila mshumaa mbele yangu. Siku hizi mna kifaa kinacholia, na ni kizuri. Lakini kifaa hufa betri, na mshumaa huuzwa kila duka. Wekeni vyote viwili.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe kwa lugha ya Ojara, kwa sababu sijawahi kupata iliyo bora. Tulikuwa na moto mkubwa wa dizeli, unaonguruma mchana kutwa. Hatukuutaka kwa joto. Tuliutaka kwa moshi wake. Moshi ule ulioshwa kwa maji na magadi, kisha ukaingia kwenye mnara mrefu uliojaa pete ndogondogo za chuma. Juu ya pete ilikuwa inatiririka dawa, na dawa ile ilikuwa na kiu moja tu duniani: kunywa hewa ukaa. Mnara huo Ojara aliuita Mlevi. Dawa ikishashiba ilisukumwa kwenye mnara wa pili, ikachemshwa, na pale ikatapika kila ilichokunywa. Huo mnara wa pili aliuita Asubuhi. Kilichotapikwa ndiyo gesi yetu. Ilipita kwenye maji ya zambarau yanayokula uchafu, ikapita kwenye mkaa maalumu, ikabanwa na kupozwa mpaka ikawa maji, ikahifadhiwa kwenye tangi jeupe nje. Dawa ilirudi kwa Mlevi kuanza ulevi upya.

Gesi safi haina harufu kabisa. Kazi ya pua ni kutafuta kitu kisichopaswa kuwepo, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kunusa kilichopo. Kila zamu ilipoingia, jambo la kwanza lilikuwa kupuliza gesi kidogo kwenye maji baridi yaliyochemshwa, kunusa, kuonja, kutema. Na hapa palikuwa na desturi iliyofanya idara nyingine zituone wendawazimu. Zamu inayoingia haikusalimiana na inayotoka mpaka imeonja. Hata "oli otya" hakuna. Ojara alisema ukishamsalimia mtu, ukamuuliza watoto, utaona haya kumwambia gesi yake inanuka. Kwa hiyo tulipishana mlangoni kimya kama mawifi waliogombana, tukaonja, tukaitikia kwa kichwa, ndipo salamu zikamwagika na vicheko. Walinzi walidhani tuna kesi ya mirathi.

Na kila mmoja alikuwa na glasi yake. Glasi ya mtu ilikuwa kama mswaki wake. Haikuguswa na sabuni hata siku moja, maana sabuni huacha harufu. Ilimwagiwa maji ya moto, ikafudikizwa mahali penye joto ikauke yenyewe, bila kitambaa. Sisi tuliziweka kwenye rafu ya bati juu ya ule moto wa dizeli, palipokuwa pakavu na pasafi kama jiko la bibi harusi.

Kisa kigumu cha kwanza nilichokiona ni Mlevi kuumuka. Ilikuwa kuelekea Krismasi, wakati mji mzima una kiu. Ghafla dawa ikaanza kutoa povu ndani ya mnara, povu likapanda kama unga wa mandazi uliosahauliwa, likaingia kwenye mabomba, na maji ya zambarau yakageuka kahawia mbele ya macho yetu. Msimamizi wa chupa alikuja akipiga kelele kwamba mashine zake zimesimama. Ojara alifunga koki, akaketi kwenye debe, akasema, "Kelele haiondoi povu. Kila mutu anuse."

Tukanusa kila kitu: maji, magadi, mabomba. Mimi nilichota dawa kidogo kwenye kijiko, nikainusa, na chini ya ule ukali wake nikakuta kitu kinene, kama gereji. Nikasema ni grisi. Fundi mmoja alikuwa ameipaka pampu grisi kwa ukarimu wa kupita kiasi, ikapenya kwenye dawa. Mafuta kidogo tu na Mlevi huumuka. Ojara alinusa kijiko, akanitazama, akasema, "Pua yako imezaliwa leo." Nilipewa vyeti baadaye, lakini hakuna kilichonipa furaha kama ile sentensi.

Ni siku zilezile nilipouliza swali lililonikaa miaka. Jirani yetu pale kiwandani ni boila, inayotoa mvuke wa kuoshea chupa. Inachoma maganda ya kahawa, yanayoletwa kwa malori kutoka kwenye vinu, na dohani yake inatupa moshi angani mchana na usiku. Nikasema, "Mzee, mbona sisi tunachoma dizeli kutafuta moshi, na jirani anautupa wake?"

Ojara alicheka mpaka akakohoa. "Ile moshi chafu. Iko na majivu, iko na lami. Nani atakunywa soda ya jikoni?" Lakini kesho yake, baada ya kuonja na kusalimiana, aliniambia polepole, "Lakini umeuliza mzuri." Nikamwona mara nyingi amesimama nje akiitazama dohani ile, mikono nyuma. Alistaafu bila kupata jibu, akaenda zake Gulu kufuga mbuzi.

Miaka ikaenda. Jioni moja nilikuwa napika, redio inaongea peke yake kama kawaida, nikasikia mtangazaji anaeleza mambo ya tabianchi. Kwamba mkaa wa mawe, petroli na dizeli, vitu vilivyolala ardhini tangu zama na zama, tukivichoma vinatoa hewa ukaa, na hewa hiyo inaifunika dunia kama blanketi. Hayo nilishayasikia. Kisha akasema huko ng'ambo wanasayansi wanajenga minara kwenye mitambo ya umeme, ndani ya minara kuna dawa inayonyonya hewa ukaa kutoka kwenye moshi, halafu dawa inachemshwa na kuiachia.

Nilidondosha mwiko. "Huyo ni Mlevi!" nikapiga kelele. "Barasa! Wanamsema Mlevi! Na Asubuhi!"

Barasa alitoka chumbani na kiatu mkononi, akidhani nimeona panya. Nikamweleza kwa pumzi moja kuwa dunia nzima inatafuta kitu ambacho mkewe anakifanya kila siku nyuma ya ghala la chupa. Alinisikiliza, akauliza, "Sasa nyinyi mkishaikamata mnaipeleka wapi?" Nikasema kwenye soda. "Na mtu akifungua soda?" Nikaokota mwiko wangu. Mwanaume huyu huuza viatu, lakini hukanyaga palepale panapouma.

Ulikuwa mwaka ambao mvua za Kampala zilikuja kwa hasira. Maji yaliingia Owino kabla wachuuzi hawajainua bidhaa, na viatu vya Barasa vikaogelea. Vingi vya kushoto vilikwenda na mtaro, vya kulia vikabaki. Siku nzima tulikuwa tunalinganisha viatu yatima mlangoni kwetu. Sisemi mvua moja ni ushahidi wa jambo lote. Nasema tu kwamba tangu pale niliuangalia ule moto wetu wa dizeli kwa jicho jingine. Sisi, wajuzi wa kukamata hewa ukaa, ndio tuliokuwa tunawasha moto makusudi ili itoke. Na mita chache kutoka pale, jirani anaitupa bure. Iliniuma, na nilikuwa sina wa kumwambia.

Ndipo akaja Nansubuga. Binti wa Masaka, injinia, mcheshi, asiyeogopa kupanda popote. Wiki yake ya kwanza alipanda ngazi ya dohani ya boila akiwa na kipimo, akashuka na masizi hadi kwenye kope, akaja moja kwa moja nyumba ya gesi.

"Maama Nafula, samahani nikuulize. Kwa nini tunachoma dizeli kupata moshi na hapo kuna moshi unatupwa?"

Nilitaka kumkumbatia, ila alikuwa amejipaka losheni.

Tukawa kitu kimoja. Yeye alichora, mimi nilimwonyesha ni bomba gani linadanganya na ni koki gani hugeuka kinyume. Meneja, ambaye ni mtu wa haki lakini hana muda, alikuwa na wazo lake. Mtambo wa moto wa dizeli ulikuwa umeoza. Yeye alitaka kuufunga kabisa, kuiuza minara yote kama vyuma chakavu, na gesi iletwe kwa lori kutoka ng'ambo ya mpaka. Nansubuga alimwomba nafasi. Meneja akasema sawa: moto wa dizeli uzimwe, lori lilete gesi kwa muda, nanyi jaribuni dohani yenu mpaka siku ya kusaini mkataba wa lori. Akaweka sharti moja, lile la siku zote la kiwanda: hakuna gesi inayoingia tangini mpaka maabara na pua zikubaliane. Siku hiyo ikifika na kimoja bado kinakataa, minara inauzwa.

Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu. Ningeweza kukaa nikihesabu siku. Lakini niwaambie ukweli, sijawahi kukitaka kitu kama nilivyoutaka moshi ule. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo wa jirani. Tuliunga bomba kutoka kwenye dohani. Tukaweka pipa la kuuzungusha moshi ili majivu yaanguke, tukaweka maji ya kuuosha, tukaweka magadi zaidi. Mvuke wa boila tukauleta umchemshie Asubuhi dawa yake. Ssali, kijana wa Kyebando niliyemfundisha mwenyewe na ambaye sasa ana watoto wakubwa, alikuwa anaimba juu ya ngazi nyimbo za kanisani kwa maneno ya kutunga. Tulikula chakula tumesimama. Siku Mlevi alipokunywa moshi wa maganda ya kahawa kwa mara ya kwanza na Asubuhi akatapika vizuri, nilipiga kigelegele, na walinzi wakaja mbio.

Maabara ilipima. Nansubuga akaja anakimbia uwanjani, karatasi juu, viatu mkononi. "Safi! Maama, ni safi!"

Zamu ya pua ikafika. Nilichukua glasi yangu, nikapuliza gesi kwenye maji, nikanusa. Nikanusa tena. Nikampa ishara Ssali. Naye akachukua yake, akanusa, akaonja, akatema.

"Kweri nnyabo," alisema kwa adabu ya Kiganda, bila kunitazama, "iko halufu ya moshi. Kidogo, lakini iko."

Wengine wawili wa zamu walisema hivyohivyo. Moshi wa jikoni, kama alivyosema Ojara zamani.

Tulibadilisha mkaa. Moshi. Tukabadilisha maji ya zambarau. Moshi. Tukaosha mabomba, tukapunguza mwendo, tukafungua Mlevi na kusafisha zile pete moja moja kwa mikono. Kila mara maabara ilisema safi, kila mara pua zetu zilisema moshi. Siku ya mkataba ikawa inakuja tu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na futi yake, akaupima Mlevi kiunoni kama fundi cherehani. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nansubuga alikonda. Nilidhani atatugeuka, aseme mashine yake ni sahihi na sisi ni wazee wa ushirikina. Hakufanya hivyo. "Maama," aliniambia, "kama pua zenu zinasema hapana, mtu atakayenunua soda naye atasema hapana. Siwezi kugombana na pua. Tutafute." Kwa neno hilo nilimheshimu kuliko kwa michoro yake yote.

Kisha kikaja kichwa. Zilikuwa zimebaki siku chache, sikuwa nalala vizuri, na kichwa kilikuwa kinagonga kama kompresa mbovu. Nikachukua kidonge, nikachota maji ya kunywa kwa glasi yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, nikameza.

Maji yalikuwa na moshi.

Yale yalikuwa maji tu, maji matupu ya kunywa. Nikachukua kikombe cha chai cha plastiki cha Ssali, nikachota maji yaleyale, nikanywa. Hakuna kitu. Nikanusa glasi yangu kavu. Nikanusa ya Ssali. Nikanusa zote.

Mmeshaelewa? Moto wa dizeli ulikuwa umezimwa. Rafu yetu ilikuwa baridi, glasi hazikauki. Kwa hiyo sisi, watu safi, watu wasiotumia sabuni wala kitambaa, tulikuwa tumezihamishia glasi zetu mahali pengine penye joto: juu ya mlango wa boila. Wiki zote hizo tulizifudikiza kwenye moshi wa maganda ya kahawa, zikaufuga, kisha tukazitumia kuitafutia gesi makosa. Maabara ilikuwa na vyombo vyake, ndiyo maana haikuona kitu, na gesi ya lori ilikuja na cheti chake, hatukuwa tunaionja. Nyani haoni kundule, na sisi manyani wenye pua kubwa kuliko wote Kampala hatukuona letu.

Nilizibeba glasi zote kwenye mkunjo wa ovaroli nikakimbia. Kwa umri wangu sikimbii, lakini siku hiyo nilikimbia, zikigongana na kulia kama kengele. Nikaingia maabara bila kubisha hodi.

"Nusa!" nikamwambia Nansubuga. "Nusa glasi! Usiweke kitu, nusa hivyohivyo!"

Alinusa moja. Akanusa nyingine. Akateremka kwenye kiti mpaka sakafuni, akakaa palepale na koti lake jeupe, akacheka hadi machozi, na mimi nikakaa karibu naye nikacheka, na Ssali alipofika na kutukuta sakafuni alidhani tumevuta gesi.

"Banange," Ssali alisema alipoelezwa, kashika kichwa. "Sisi wenyewe?"

"Sisi wenyewe," nikasema.

Meneja hakucheka. Alisema, na alikuwa sawa, kwamba watu waliokosea mara nyingi hivyo hawawezi kuaminiwa kwa maneno. Jioni hiyo Barasa alileta glasi mpya kutoka Owino, zikaoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa maabara. Kesho yake, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya mkataba, Nansubuga aliweka glasi mezani bila alama. Nyingine zilikuwa na gesi ya lori, nyingine gesi ya dohani. Yeye peke yake ndiye aliyejua, naye alitoka nje.

Meneja akanielekeza nianze. Nikakataa. Nilikuwa naitaka gesi ile kupita kiasi, na pua yenye tamaa ni kama hakimu aliyehongwa. Nikamsukuma Ssali mbele. Ssali akanusa glasi ya kwanza, akaonja, akatema. Ya pili. Ya tatu. Alichukua muda kama padri kwenye misa ya mazishi. Mimi nilikuwa nimeshika meza.

"Nnyabo," alisema hatimaye, "hapa hakuna moshi. Yote ni maji na povu tu."

"Rudia," nikasema. Akarudia. Hakuna. Wale wawili wa zamu wakaonja, hakuna. Ndipo nikaonja mimi, nimefumba macho, nikitafuta jiko, nikitafuta majivu, nikitafuta kahawa. Nilipata baridi, na ile miiba midogo ya gesi ulimini, basi. Meneja naye akaonja zote, akaulizwa ipi ya dohani, akaonyesha ya lori kwa uhakika kabisa.

Nansubuga alipoitwa na kumwambia amekosea, meneja aliiangalia glasi, akaiangalia dohani dirishani, akaiweka kalamu ya mkataba mfukoni. "Fungueni tangi," akasema.

Koki ya tangi niliigeuza mimi. Ni koki ngumu, ya gurudumu. Mtambo wa dizeli ulikuwa baridi kabisa nyuma yangu, nimeuegemea mgongo. Tukaukodolea macho mshale wa tangi. Haukutingishika. Ssali akaanza kuomba kwa Luganda. Kisha ukatikisika, ukapanda unywele mmoja, ukapanda mwingine, na hapo sikumbuki vizuri nani alimbeba nani. Nilimpigia simu Ojara Gulu. Kwanza nikamsikia akifukuza mbuzi. Nilipomwambia, akauliza, "Mumeonja kwanza kabla ya kusalimiana?" Nikamwambia ndiyo. "Kama hivyo, basi ni kweli."

Lakini wadogo zangu, msilewe sifa. Nansubuga aliniketisha akanieleza hesabu bila kuipaka sukari. Gesi tunayoikamata bado inatoka mtu anapofungua chupa, Barasa alikuwa sawa. Faida yetu ni dizeli isiyochomwa tena na lori lisilotembea tena barabara yote ile. Na tunachokichukua kwenye dohani ni kidogo. Moshi mwingine wote unaendelea kupanda. Sasa ameanza kupuliza gesi inayobaki kwenye matofali ya saruji, ambako anasema inageuka kuwa jiwe na kukaa humo daima. Matofali ya kwanza yalipasuka. Ya pili yako nyuma ya ghala, nimeyagonga kwa nyundo nikashindwa kuyavunja. Nilirukaruka pale kama mtoto, nikavunja kisigino cha kiatu nilichopewa na mume wangu kwa bei ya rafiki. Nendeni mkayaone. Na msiziache glasi zenu juu ya boila.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa natoka getini na maua na jiko la gesi nililozawadiwa, kejeli ambayo nadhani hawakuikusudia. Lori la gesi lilikuwa limesimama pale, injini inanguruma, moshi mweusi unatoka nyuma. Zamu yao ya kuleta ilikuwa imefika, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia wasije. Mlinzi wetu, Opio, alikuwa anabishana na dereva, Mkenya mwenzangu, amechoka na vumbi la safari.

"Leo hapana," Opio alisema. "Tangi yetu imejaa."

"Imejaa vipi na mimi ndiye huwaletea? Mmenunua kwa nani?"

Opio aligeuka, akamwonyesha dohani ya boila kwa kidole.

Dereva aliangalia juu. Alitazama moshi, akamtazama Opio, akanitazama mimi na jiko langu, akidhani labda tutacheka ajue ni utani. Hatukucheka. Basi akapanda kwenye kiti chake, na kabla ya kugeuza lori akanyoosha mkono, akazima injini, akashuka tena.

"Mama," akaniambia, "hebu nionyesheni."